Mwenyewe wa Chumba Namba Tisa

Jumatatu ile hakuna aliyefukiza ubani, lakini ofisi ya Hoteli ya Mkwajuni ilinuka ubani tangu asubuhi. Leticia, dada wa mapokezi, alifungua madirisha yote. Upepo wa Same ukaingia na vumbi lake, ukapeperusha karatasi, ukatoka, na harufu ikabaki palepale. Yunus, mwenye hoteli, hakuisikia. Siku hiyo kichwani mwake mlikuwa na jambo moja tu: programu mpya ya kompyuta ya kuendeshea hoteli.

Watu hudhani shari huingia nyumbani kwa uchawi wa jirani au kwa kupita njia panda saa mbaya. Huyu aliiingiza mwenyewe, mchana kweupe, amevaa shati lililopigwa pasi, na kabla ya kuiingiza aliulizwa kama ana uhakika.

Hoteli aliachiwa na mama yake, Bi Salha, mwanamke aliyeanza kwa kuuza chai ya tangawizi na maandazi kwa abiria wa treni pale stesheni, akapanda kidogo kidogo mpaka akajenga kando ya barabara kuu. Haikuwa hoteli kubwa, wala haikuwa gesti ya kulala na viatu. Wateja wake walikuwa madereva wa malori, maofisa wa semina, watalii waendao hifadhi ya Mkomazi, na wafiwa. Ikijaa ghafla siku ya Ijumaa, ujue kuna maiti inapandishwa Suji au Chome, na ndugu kutoka Dar wamelala hapo kusubiri magari ya mlimani.

Yunus alikuwa mhasibu Dodoma. Mama yake alipofariki alikuwa huko huko, yuko mkutanini, simu ameizima, na alipofika Same kaburi lilikuwa limekwishafukiwa. Jambo hilo lilimla moyo. Hakumwambia mtu, ila aliacha kazi akarudi na mkewe Safia na binti yao wa pekee, akashika hoteli, wakaishi humo humo, akaapa kwamba hakuna kitu cha mama yake kitakachoharibika mikononi mwake.

Binti alikuwa darasa la kwanza na jina lake Salha, kwa kuwa alizaliwa akarithishwa jina la bibi yake. Kwa desturi ya kwao, mtoto wa namna hiyo ni mtoto na ni zaidi ya mtoto. Yunus alimwita "mama" na kumtania kwamba amerudi kumchapa. Bi Salha alipokuwa hai alimwita mjukuu "mwenzangu", na wawili hao walinywea maji kikombe kimoja cha plastiki chenye picha ya bata. Bibi alipoondoka, mtoto alikataa kabisa kunywea chombo kingine. Hata shuleni alikwenda nacho. Yunus alimpenda mtoto yule kuliko uhai wake, na yote yanayofuata hapa yanamhusu mtoto huyo.

Sasa, katika hoteli ile kulikuwa na chumba namba tisa, mwisho wa korido, ambacho hakikupangishwa. Bi Salha alipotaka kujenga, mahali hapo palikuwa na mkwaju mkubwa, na mafundi waliokuja kuukata waliugua mmoja baada ya mwingine. Akaitwa mtaalamu kutoka Makanya, akazungumza na aliyekuwa akikaa pale, wakapatana. Mkwaju ukakatwa, na pale shina lilipokuwa pakajengwa chumba, na chumba kikawa chake. Nyumbani hawakumwita jini. Walimwita Mwenyewe, na hilo halikuwa jina lake, ilikuwa namna ya kukwepa jina.

Masharti yake yalikuwa mepesi. Chumba afagie mwanamke wa nyumba ile, si mfanyakazi. Kila Alhamisi alasiri pafukizwe ubani na iachwe bilauri ya maji. Mtu asigonge mlango. Na Mwenyewe asiulizwe jina wala asipewe. Bi Salha alimrithisha Safia masharti hayo jikoni, wakichambua kunde za makande, kwa sauti ya chini ambayo Safia hakuwahi kuisikia kwake. Yunus hakuambiwa yote. Alijua tu kwamba namba tisa ni chumba cha mama na hakiguswi. Leticia alijua asikipangishe, basi, na miaka ikapita bila neno.

Kilichovuruga ni watalii. Nyumba za jirani zilianza kupokea oda za mtandaoni, na wazungu waliokuwa wakija Mkwajuni kwa kubahatisha wakawa wanapita tu na magari yao, vumbi likibaki kwa Yunus. Akaita wauzaji wa programu waje mmoja mmoja wamwonyeshe mali yao.

Wa kwanza alikuja na programu ya ng'ambo, nzuri kwa macho, ila ilitaka mtandao muda wote. Umeme ukakatika katikati ya maelezo, programu ikafa, na kijana akaaga kwa aibu. Wa pili alikuwa mama mmoja wa Moshi. Programu yake ilikuwa na sura ya kizamani na haikupokea oda za nje. Lakini alipoambiwa kuna chumba kisichopangishwa, hakuuliza kwa nini. Alikifuta, orodha ikaishia namba nane, akasema hakuna shida, hoteli nyingi zina chumba cha hivyo. Leticia aliipenda programu ile. Yunus aliiona ya kishamba, akamshukuru mama wa watu akamsindikiza hadi mlangoni.

Wa tatu alikuwa Humphrey, kijana wa kampuni ndogo ya Dar, mwenye viatu vya ncha na maneno laini. Programu yake ilizungumza Kiswahili, ilifanya kazi hata mtandao ukikatika, na ilipokea oda popote zitokapo. Salha alikuwa ametoka shule, anachungulia. Humphrey, muuzaji anayeijua kazi yake, akamweka kitini na kumwacha aandike jina lake kuwa mgeni wa majaribio. Mtoto akaliandika kwa kidole kimoja, ulimi nje. Humphrey akajaza namba ya simu ya hoteli, na kompyuta ikaandika: karibu, Salha. Mtoto alicheka mpaka akakohoa. Kwa kweli programu ilinunuliwa dakika ile ile.

Jumatatu ya ubani ndiyo siku aliyorudi Humphrey kuingiza vyumba. Kila chumba kilitakiwa kiwe na hali yake: kitupu, kina mgeni, kichafu au kibovu. Yunus akaeleza kwamba kuna kimoja hakina mgeni wala si kitupu. Humphrey hakuelewa, akakiweka kibovu. Papo hapo, mwisho wa korido, ndani ya chumba kilichofungwa, kitu kilianguka kikavunjika.

Humphrey alisema ni upepo. Leticia aliinamisha kichwa, midomo yake ikawa inasali. Yunus akaamuru neno hilo lifutwe, chumba cha mama yake si kibovu. Kuweka kitupu haikuwezekana, maana mashine ingekiuza kwa mtalii wa kwanza. Ikabaki hali moja, kina mgeni, na mashine haikukubali mgeni asiye na jina.

Humphrey alimwambia aandike jina lolote, hata la uongo, kompyuta haijali. Yunus mhasibu hakupenda uongo ndani ya kazi yake. Akajiuliza chumba hiki ni cha nani, na moyo ukamjibu upesi. Akaandika jina la mama yake. Mashine ikataka namba ya simu, akaweka ya hoteli. Ikataka tarehe ya kuondoka, akaweka Alhamisi ya mwisho kabla ya Ramadhani, akiamini mpaka hapo atakuwa amepata njia bora. Ndipo kioo kikatoa swali, na Leticia akalisoma kwa sauti.

"Bosi, inasema mgeni huyu yupo tayari. Inauliza Salha huyu na Salha wa juzi, je, ni mtu mmoja?"

Yunus alicheka, na ilikuwa muda mrefu hajacheka hivyo.

"Si ndiyo," alisema. "Hawa ni mtu mmoja. Hapa kila mtu anajua."

Alisema kwa majivuno, mlango wa ofisi uko wazi, korido yote kimya. Kisha akabonyeza. Harufu ya ubani ikakatika papo hapo, na Leticia akajikuta anavuta pumzi ndefu bila kujua alikuwa ameizuia tangu lini.

Alhamisi iliyofuata Safia alikwenda kufagia namba tisa. Bilauri ilikuwa vipande sakafuni. Kitanda alichokitandika mwenyewe kilikuwa na shimo kwenye mto, shimo dogo, la kichwa kidogo. Alimweleza mumewe, naye akasema labda Leticia alijilaza. Safia hakuamini, kwa sababu ufunguo wa chumba kile ulikuwa kiunoni mwake usiku na mchana.

Baada ya hapo mtoto akaanza kubadilika. Asubuhi aliamka ananukia marashi ya waridi, na marashi hayo hayakuwamo ndani ya nyumba tangu bibi yake azikwe. Akawa anakaa amekunja mguu mmoja chini ya mwingine, mkono shavuni, anatazama barabara. Mchana mmoja Yunus aliingia kutoka benki, jasho linamtoka, na binti yake akainua uso akamuuliza, "Yunus, umekula?"

Ilikuwa sauti ya mtoto, lakini mwito ulikuwa wa Bi Salha, na uchovu wake, na huruma yake. Safia alidondosha mwiko. Yunus alitakiwa aogope, na hapa ndipo pa kumlaumu, maana hakuogopa. Alifurahi. Macho yalimjaa machozi, akaketi karibu na mtoto, akamjibu kwa adabu kwamba bado hajala, mama. Kuanzia siku hiyo akawa anawahi kurudi mchana ili aulizwe tena.

Jumamosi moja Leticia alikuwa kanisani, kwa kuwa ni Msabato na Jumamosi hafanyi kazi, na hoteli ilikuwa imetulia, jua la saa saba limepiga ua mzima mpaka hakuna kivuli. Safia alikuwa amekaa kwenye mkeka anamsuka Salha nywele, amembana kati ya magoti, anatia shanga za buluu mwisho wa kila msuko, na mtoto amenyamaza, kichwa kimeinama. Ndipo Safia akasikia mtoto anaimba ndani, wimbo wa darasa la kwanza wa kuhesabu, sauti ni ya Salha, na inatoka mwisho wa korido, naye hakutaka kuamini alichosikia, akaendelea kusuka, akisema moyoni ni redio, ni mtoto wa mgeni, ni jirani, mpaka wimbo ulipokosewa pale pale Salha anapoukosea kila siku, na hapo akainuka akakimbia, akafungua namba tisa, akakuta chumba kitupu, pazia limetulia ilhali nje upepo unavuma, mto umebonyea, na juu ya mto shanga moja ya buluu ina unywele ndani yake. Aliporudi uani mtoto alikuwa bado amekaa kwenye mkeka, mgongo umemwelekea, na kichwa kizima kilikuwa kimekwisha kusukwa.

Safia alikaa kwenye ngazi, mbali na mkeka.

Homa ikafuata. Hospitali walipima malaria hakuna, wakapima damu nzuri, wakapima tena. Mtoto alikuwa akipungua tu. Alilala mchana kutwa, na alipoamka alilalamika kwamba kule anakolala kuna giza na kuna mtu anamkalia kitanda. Safia alimuuliza kule wapi. Mtoto akanyoosha kidole kwenye korido.

Siku hiyo ndipo Safia alipokwenda mapokezi akamwomba Leticia amwonyeshe kompyuta inasemaje kuhusu namba tisa. Leticia alifungua. Namba tisa ina mgeni. Jina, Salha. Anaondoka Alhamisi ya wiki ijayo. Na pembeni, palepale, picha ya mtoto akicheka siku ya majaribio, ambayo Humphrey alimpiga kwa simu akaiweka. Safia alimsikiliza Leticia akieleza swali lile na jibu lile, kisha akaingia ofisini kwa mumewe, akafunga mlango, akamwambia masharti yote ya Bi Salha, moja moja, kwa sauti ile ile aliyoambiwa jikoni.

Yunus alimpigia Humphrey simu, akamtaka awatenganishe wageni wale wawili. Humphrey alisikitika. Wageni wakishaunganishwa programu haiwezi kuwatenganisha, alisema, ndiyo maana huwa inauliza. Kinachowezekana ni kuongeza siku za kukaa au kumtoa mgeni. Yunus akageukia kompyuta amtoe mgeni saa ile ile. Safia akamkamata kifundo cha mkono.

"Baba Salha," alisema, "ukibonyeza hapo, nani anaondoka?"

Yunus akaondoa kidole. Chumba cha pili wakamsikia mtoto anakohoa kikohozi cha mwanamke mzee.

Kesho yake walikwenda Makanya kumtafuta mtaalamu. Aliyefanya mapatano ya mwanzo alikuwa amekwishakufa, ila mwanawe, Mzee Habibu, yupo. Walimkuta kwenye kibaraza chake, mtu mkavu aliyefanya kazi machimbo ya jasi mpaka mapafu yakachoka, mwenye vumbi jeupe mpaka kwenye nyusi. Walimpa shikamoo, akaitikia marahaba bila kuwaangalia. Alisikiliza yote. Kisha alimgombeza Yunus kama anavyogombezwa mtoto aliyemwaga maziwa, akakohoa, akatulia.

Aliwaambia hawezi kumfukuza Mwenyewe, kwa sababu pale ni kwake, na hakuna dua ya kumfukuza mtu kwake. Wao ndio waliomfanya mgeni, tena wakampa jina, na juu ya jina wakampa mwenye jina. Sasa ana tarehe ya kuondoka na ataondoka, na hatatoka mikono mitupu. Kumwongezea siku si dawa, kila siku anayoongezewa inatoka kwa mtoto.

"Baba yangu ndiye aliyezungumza naye," alisema. "Mimi nilibeba chetezo cha ubani tu. Nitajaribu. Lakini jina la Salha mtalikosa. Analibeba, anaondoka nalo, na nyinyi hamtalitamka tena mpaka mnakufa."

Safia alikubali hata kabla sentensi haijaisha. Yunus alilia. Lilikuwa jina la mama yake, na ndicho kitu pekee cha mama yake alichokuwa bado anakigusa kila siku.

Alhamisi ile mtoto aliamka mzima. Homa hakuna, macho maangavu, anaomba uji. Safia alimkumbatia mpaka akamuumiza, akaona dua alizosoma Mzee Habibu kule Makanya zimeanza kujibiwa. Mtoto alikunywa uji, kisha akanywa maji kwenye bilauri aliyopewa na Leticia, akasema asante. Nyumba nzima ilikuwa na furaha ya kuogopa.

Alasiri Mzee Habibu alifika na chetezo. Aliweka ubani ofisini, akaipeleka kompyuta mezani nje ya mlango wa namba tisa, waya umevutwa kwenye korido. Aliwaonya mapema. Mwenyewe atalia, alisema, na atalia kwa sauti yoyote mnayoipenda. Msimwitikie. Halafu alimsimamisha mtoto mbele yake, akamshika utosi, akamchagulia jina la mlimani la Kipare, jina ambalo Mwenyewe hakuwahi kulisikia ndani ya nyumba ile.

"Nakijwa," aliita.

"Abee," mtoto akaitikia.

Mkono wa mzee ulisita utosini. Alisema watoto wengi hukosea mara ya kwanza, hutazama huku na huku, huuliza ni nani huyo. Safia alijibu kwa haraka kwamba mwanawe ana akili nyepesi. Mzee akaitikia kwa kichwa, akaendelea.

Ikawa zamu ya Yunus. Alisimama mlangoni mwa namba tisa, moshi unamuumiza macho, akasema maneno aliyofundishwa: "Niliulizwa nikajibu vibaya. Hawa si mtu mmoja. Aliye humu ndani si wangu. Wangu ni huyu hapa nje."

Kilio kikaanza ndani. Kwanza alilia Bi Salha, kilio cha chinichini cha mama aliyechoka, akimuuliza Yunus kama amekula, kama anamfukuza kama alivyomwacha afe peke yake, na Yunus akauma ngumi mpaka damu ikatoka, asijibu. Kisha kilio kile kikabadilika, kikawa chembamba, kikawa cha mtoto, kinagonga mlango kwa viganja vidogo, kinaita baba, baba, mimi niko huku, baba fungua, kinaita bila kupumzika mpaka sauti inakatika na kuanza upya, na Leticia akaziba masikio, na Safia akashika ukuta, na mzee akapaza dua ifunike sauti ile, na Yunus, ambaye alikuwa ameonywa, ambaye alijua ni hila, ambaye alikuwa amemshika binti yake mkono wenye joto, akanyoosha kidole akabonyeza kumtoa mgeni.

Kilio kikakatika. Kioo kikaandika kwamba namba tisa ni chumba kitupu. Mzee Habibu alikunywa chai yake ya tangawizi, akakataa kusifiwa, akasema Mwenyewe ameondoka, basi ubani na maji ya Alhamisi hayahitajiki tena.

Wakaishi. Nakijwa alinawiri, akawa wa kwanza darasani, mtiifu, hachafui sare. Safia akazoea kumwita mumewe Baba Nakijwa, na mumewe akamwita Mama Nakijwa. Majirani wakacheka kidogo, wakazoea. Lile jina lingine hawakulitamka hata kitandani. Na programu ilifanya kazi kama Humphrey alivyoahidi. Oda zilimiminika, wazungu wakarudi, na kwa kuwa namba tisa ilikuwa tupu na safi, mashine ikaanza kuipangisha.

Mgeni wa kwanza, dereva wa lori, aliondoka mapema, hakusema kitu. Wa pili aliomba ahamishwe. Wa tatu alikuwa mama mtu mzima kutoka Dar, anakwenda kuzika kaka yake Suji. Asubuhi alipokuwa anarudisha ufunguo aliinama kwa Leticia, akazungumza kwa upole wa mtu aliye msibani.

"Mwanangu, huyo mtoto wa chumba cha jirani mpeni maji. Ameomba muda mrefu. Anasema anayataka kwenye kikombe chake cha bata."

Namba tisa ndicho chumba cha mwisho. Upande wa pili wa ukuta wake hakuna chumba, na namba nane usiku ule haikuwa na mgeni. Leticia alingoja mgeni aondoke, akaenda jikoni akamweleza Safia, maneno yale yale, bila kuongeza.

Safia alifungua kabati. Kikombe kilikuwa nyuma kabisa, kimeinamishwa, na ndani yake buibui alikuwa amekwishajenga. Alijaribu kukumbuka mara ya mwisho kuona mtoto akikinywea. Alikumbuka bilauri ya Leticia asubuhi ile. Alikumbuka asante. Alikumbuka jinsi jina jipya lilivyoitikiwa, na mkono wa mzee uliosita utosini. Akakiosha kikombe, akakijaza maji, akatembea kwenye korido, jua la mchana limeingia mpaka nusu yake na nusu ya mwisho ina kivuli.

Alipiga magoti mbele ya mlango wa namba tisa. Ndani mtu alikuwa anapumua karibu sana na mbao.

"Mama," sauti ilisema, kavu, imechoka. "Nilimwita baba. Nilimwita sana. Hakuniitikia."

Nyuma yake korido ilianza kunuka ubani. Safia aligeuka. Nakijwa alikuwa amesimama penye jua, sare yake imenyooka, mikono ameishika mbele kwa adabu.

"Mama Nakijwa," alisema taratibu, "usimpe maji. Huyo si wako. Baba alishasema."

Viganja vidogo vikaanza kugonga mlango, polepole, bila nguvu. Safia akakishika kikombe kwa mikono miwili, akaugeukia mlango, akafungua kinywa amwite mwanawe kwa jina lake, na jina halikuja.